Kifuko Ndani ya Bitana

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema! Mwalimu wetu wa kwaya amehamishwa kikazi. Namwombea safari njema. Namwombea iwe karibuni.

Miaka yote nimeimba safu ya mwisho, nyuma ya nguzo. Waumini wanaijua sauti yangu, sura hawaijui. Mke wangu anasema ingekuwa kinyume chake ingekuwa nafuu kwa wote. Sasa zamu yangu imefika. Nitasimama mbele!

Mpinzani ni mmoja tu: seremala. Sauti nzito, kifua kama kabati alilolitengeneza mwenyewe. Cheo hakitaji hata kidogo. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa.

Jumatano, 5 Machi
Mchungaji ametushangaza. Hakuna uchaguzi. Tutapiga kura kama mitume: kila aliye tayari kutumika ataandikiwa kikaratasi kimoja, tutaomba, kisha bibi mkongwe wa benchi la mbele atatia mkono kwenye mfuko wa vikaratasi. Kitakachotoka kwanza, mwalimu wa kwaya. Cha pili, mwalimu wa watoto, wale wadogo wa chumba cha nyuma wanaolia wakitaka mama zao.

Akauliza kama tuko tayari kuyapokea mapenzi ya Mungu kwa furaha, hata yakipindua mipango yetu. Niliitikia amina kabla ya wote. Seremala aliitikia polepole, kama mtu anayefikiria. Mwenye imani hafikirii.

Kisha mchungaji akanigeukia mimi, fundi cherehani, akaniomba nishone huo mfuko wa kura. Mimi! Kama hiyo si ishara, ishara ni nini?

Ijumaa, 7 Machi
Nimetafakari sana. Mapenzi ya Mungu yanajulikana: ni mimi. Kilichobaki ni kumrahisishia.

Mfuko umetoka vizuri. Kitambaa cha zambarau, baki la gauni la mteja. Ndani nimetia bitana, kitambaa cha pili chepesi. Juu ya bitana, karibu na mdomo, kifuko kidogo. Ndani ya kifuko, kikaratasi cha pili chenye jina langu, kinachungulia kidogo tu. Vidole vya bibi vimekakamaa, haviwezi kuchimba. Vitashika cha kwanza.

Mke wangu alinikuta nimefumba macho, natia mkono mfukoni na kuutoa. Akauliza kifuko ni cha nini. Nikasema cha kuimarisha. Akasema jitihada haiondoi kudura. Nikamjibu kwamba haiondoi, ila si dhambi kuisindikiza. Akarudi jikoni akicheka peke yake. Sijui alicheka nini.

Jumapili, 9 Machi
Ee Mungu wangu.

Nilivaa suti. Asubuhi nilifanya mazoezi ya uso wa mshangao mbele ya kioo. Tukaomba. Bibi akasogea. Mara mchungaji akainua mkono, akasema wa mwisho watakuwa wa kwanza, kwa hiyo leo tuanze na mwalimu wa watoto.

Nikasimama. Sikujua nasimama nifanye nini. Nikakaa.

Bibi akatia vidole tu, mkono haukuzama. Akatoa. Jina langu! Makofi. Ule uso wa mshangao haukuhitaji mazoezi, ulikuja wenyewe.

Nikajipa moyo kwamba baya limeshapita. Wapi! Ikaja kura ya kwaya. Kifuko sasa kitupu, bibi ikambidi achimbe. Akachimba, akakoroga, akatoa. Jina langu tena. Kikaratasi changu halali, mwandiko wa mchungaji, kimetoka chenyewe bila msaada wa mtu.

Waumini wakageukiana. Mchungaji akaupindua mfuko ndani nje. Akakiona kifuko. Akakipapasa. Akanitazama bila hasira, na heri angekasirika. Akasema tu kwamba mtu mmoja hupewa kazi moja, na yangu imeshatoka. Bibi akatia mkono tena. Seremala.

Mke wangu alitembea mbele yangu njia nzima. Mlangoni akasema ningeituliza mikono yangu, leo ningekuwa mwalimu wa kwaya. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nimelala na viatu.

Jumatatu, 10 Machi
Mchungaji amepita dukani. Nilijificha nyuma ya gauni. Miguu ilionekana.

Nikaungama, haraka haraka. Nikamwomba anitoe kwa watoto, maana kura ile haikuwa ya haki. Akasema amelifikiria hilo. Lakini na kikaratasi cha haki kilitoka, kwa hiyo Mungu ana kazi na mimi, na penye nafasi ni chumba cha nyuma. Akaongeza kwamba kukubali huku umenuna ni kukataa kwa adabu. Maneno mazuri. Nitawaambia wengine.

Akaniagiza mfuko mpya wa kura ya wazee wa kanisa. Bila bitana, akasisitiza.

Jumapili, 16 Machi
Chumba cha nyuma. Viti vifupi, magoti yangu karibu na masikio. Kitoto kimoja kilikalia kiatu changu kikakataa kuhama. Nilikuwa nimepanga kununa mpaka mwisho.

Wakataka wimbo. Nikaimba. Wote kimya, hata mliaji mkuu. Nilipomaliza wakapiga kelele: tena! Nikaimba tena. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniambia: tena!

Binti mmoja asiye na meno ya mbele akafunga kwa sala. Akamshukuru Mungu kwa mwalimu mpya. Akaomba nisiondoke. Kisha akasema lakini mapenzi yako yatimizwe, bila wasiwasi wowote, kama anayemwachia mama yake begi. Nililia. Niliwaambia ni vumbi la chaki.

Nilifurahi, nasema kweli. Kwaya ya seremala ilisikika kutoka ukumbini, nzuri sana. Haikuniuma. Iliniuma kidogo kwenye ubeti wa pili.

Jumanne, 18 Machi
Amani tele. Nimejifunza: mpango ni wa Mungu, wangu niuweke kando na nicheke. Nilimwambia mke wangu hivyo, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Watoto siwaachi. Nimeuliza, nikaambiwa mzee wa kanisa anaruhusiwa kufundisha watoto pia. Nimeuliza tu. Wazee hukaa mbele kabisa, mbali na nguzo zote.

Mfuko mpya nimeumaliza leo. Hauna bitana, mimi ni mtiifu. Upindo wa mdomo tu nimeuacha mpana kidogo, na sehemu moja sikuushona. Sina nia mbaya. Mungu akihitaji nafasi, ataikuta.