Flashi Yangu na Harusi ya Joanita

Jumatatu, 4 Agosti

Flashi imekufa! Nilikuwa nampiga picha mtoto wa jirani yetu Ernestina. Nikabonyeza, kimya. Nikaitikisa. Kimya. Nikaitukana. Kimya! Na Jumamosi ni harusi ya Joanita, binti Pontiani, kwenye ukumbi wenye giza mchana kweupe. Ndugu za Pontiani wamejaa kutoka Kigwena mpaka Kabonga. Atakayepiga picha za harusi hii ndiye atakayepiga zote za kiangazi. Hamissi, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara (mpiga picha gani! simu moja na pazia), amepita kunipa pole. Nani kamwambia?

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda sokoni kwa Kadidja, fundi wa redio. Kwa kuogopa aibu nikasema flashi ni ya rafiki. Akasema nimwambie rafiki atoe betri, apanguse mahali zinapogusa kwa kitambaa na spiriti kidogo, akaushe, atie betri mpya. Ikigoma, aipeleke kwake. Lakini kuifungua, hapana! Eti ndani "iko na kitu inachunga umeme" hata betri zikitoka, na umeme huo hurusha mtu. Nikamshukuru, murakoze, nikaondoka. Nimemwelewa. Analinda riziki yake tu.

Jumatano, 6 Agosti

Betri nimetoa. Bila betri umeme utatoka wapi, ziwani? Kwa usalama nimevaa kandambili zote mbili. Mke wangu Mariyamu akauliza Kadidja alisemaje. Nikajibu kwamba alinipa baraka zake. Nikafungua kwa kisu cha mboga, nikatia kidole.

Kufumba na kufumbua, nimekaa ndani ya beseni la mboga za lengalenga! Mkono umekufa ganzi mpaka begani. Flashi chini, na ule mguu wake unaokaa juu ya kamera umevunjika. Mariyamu akauliza kama baraka zenyewe ndizo hizi. Hamissi alisikia mlio, akaja na pole ya pili.

Alhamisi, 7 Agosti

Mariyamu mwenyewe ameibeba flashi kwa kitambaa mpaka kwa Kadidja, mimi nyuma yake kama mshtakiwa. Kadidja akaumaliza umeme wa ndani kwa kifaa chake, akaifunga, kisha akanusa chumba cha betri. Akauliza nani kapaka mawese humu. Nani asiyepaka? Rumonge nzima tunapaka mawese kwenye kufuli, bawaba na cherehani, unyevu usile chuma! Akasema kufuli haitumii betri. Akapangusa kwa spiriti, akatia betri mpya. Mwanga! Kazi ya dakika mbili, kitambaa tu. Ila mguu mpya utatoka Bujumbura Jumatatu. Akanishauri nimweleze Pontiani ukweli mapema. Ukweli? Nina mpango.

Jumamosi, 9 Agosti

Mpango ulikuwa hivi: Mariyamu ashike flashi na kubonyeza kitufe chake cha kujaribia, mimi nibonyeze kamera. Moja, mbili, tatu! Yeye akabonyeza kwenye mbili. Mimi kwenye tatu. Saa nzima! Bibi harusi akapikicha macho, msemaji wa wakwe akasahau hotuba katikati, na mimi nina picha mia mbili za giza tupu. Hamissi kwenye kona alikuwa anapiga taratibu na kisimu chake. Pontiani akasema mbele ya wakwe, kwa upole, kwamba picha atachukua za Hamissi. Huo upole ndio ulioniuma.

Jumapili, 10 Agosti

Mungu hamtupi mja wake! Simu ya Hamissi imegoma kuwaka, mgongo umevimba. Picha zote za harusi zimo humo, hazipo pengine. Wageni wa Kabonga wanaondoka kesho alfajiri na Pontiani anazitaka leo. Kadidja hafungui Jumapili. Nimemwambia Hamissi kwamba mimi nina uzoefu wa mambo haya, na hapo sikudanganya. Ameniachia simu. Nikizitoa hizo picha, jina langu litafika Kabonga!

Mariyamu amempigia Kadidja. Kadidja kasema betri ndiyo iliyovimba, nisiiguse, nisiibonyeze, simu niiweke nje mbali na watu mpaka aje. Mariyamu amefunga mzigo, kaenda kwa mama yake. Wanawake kwa kutishana! Nimeitazama vizuri hiyo betri. Ni jipu tu, na jipu linatumbuliwa. Nimeshaazima sindano kwa Ernestina.