Gari Lililokata Kona Kinyume na Matakwa ya Mkaguzi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Ukaguzi wa Magari,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za mama yangu mzazi, ambaye ulimwona Jumatatu kupitia dirisha la ofisi yako, amekaa kiti cha nyuma cha gari langu wakati gari hilo likikataliwa.

YAH: MKAGUZI WAKO MWENYE MIWANI, NA VIPURI VYA USUKANI VISIVYOPATIKANA

Mimi ni kinyozi. Nina duka mkabala na kituo cha mafuta, na nina gari la zamani la rangi ya maziwa aliloniachia marehemu baba. Binti yangu anaolewa Jumamosi hii. Gari hilo ndilo lililomleta nyumbani kutoka hospitali alipozaliwa, na amesema siku ya harusi hapandi jingine. Hapo hakuna tatizo. Tatizo ni bibi yake, yaani mama yangu, ambaye siku nyingi zilizopita aliapa kwamba haingii tena ndani ya gari lile kwa sababu springi zake zinamvunja mgongo. Binti naye kasema bila bibi pembeni yake hatoki nyumbani. Sasa niambie, Mheshimiwa, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mimi nilifanya linalompasa mtoto mwenye adabu. Niling'oa springi za mbele, zile za mabamba yaliyopangwa kama sahani kabatini, na ekseli yake, nikamwekea mama springi laini za chuma kilichojiviringa pamoja na miguu yake yote ya mbele kutoka kwenye teksi iliyogongwa nyuma. Kazi hiyo aliifanya fundi wangu, tunayemwita Fundi Kesho kwa sababu ambazo haziihusu barua hii. Gari likawa ukilikalia linashuka taratibu kama godoro jipya. Mama alilijaribu likiwa limesimama uani, akasema sawa, tutaona. Kilichobaki kilikuwa usukani tu, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Wauza vipuri. Boksi la usukani la gari la baba, lile linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, halikufikia magurudumu ya teksi, na boksi la teksi halikukaa kwenye chesisi ya baba. Nilikwenda kwa muuza vipuri mmoja maarufu kwa jina la Orijino. Aliniuliza gari ni aina gani, nami sikumficha, nikamwambia mbele ni teksi, kuanzia mlangoni kwenda nyuma ni baba. Akasema nikishapata jina moja nirudi. Wa pili alitaka sampuli. Nikampelekea mbili, kila moja ya gari lake. Akazipima kwa mkono, akanirudishia, akaniambia hizi ni ndugu wa baba mmoja lakini mama zao hawaongei. Wa tatu aliwaita wenzake waje kunitazama. Naomba ofisi yako iwachukulie hatua watu hawa, hasa huyo wa tatu, maana wenzake walikuja na viti.

2. Boksi lenyewe. Hatimaye nilipata boksi la usukani la gari la kusambazia mikate. Nataka jambo hili lieleweke, kwa kuwa mkaguzi wako ameliandika kwa wino mwekundu. Kila tundu lilikutana na tundu lake. Hakuna bolti iliyopigwa nyundo. Fundi Kesho, ambaye tangu nimfahamu hajamaliza kazi siku aliyoianza, alimaliza siku ileile na akanawa mikono. Kama hivyo sivyo vipuri vinavyolingana, basi sijui kulingana ni nini. Ni kweli kwamba mkono wa boksi la gari la mikate, yaani chuma kinachosukuma magurudumu yageuke, unatazama mbele, wakati mikono ya magurudumu ya teksi inatazama nyuma. Lakini mimi na mke wangu nasi hulala tukitazama pande tofauti, na nyumba inakwenda.

3. Tuhuma kwamba gari halikujaribiwa. Huu ni uongo, na umeniuma. Nililijaribu mwenyewe. Kwa kuwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva hawezi kuyaona magurudumu yake ya mbele, nilikileta kile kioo kikubwa cha dukani, nikakiegemeza ukutani mbele ya gari, nikaingia ndani. Nikazungusha usukani kulia. Kwenye kioo magurudumu yakaenda kushoto. Mtu asiyejua vioo angeshtuka pale. Mimi nimefanya kazi mbele ya kioo maisha yangu yote, na najua kwamba kioo hugeuza mambo. Nikazungusha kushoto, yakaenda kulia, nikaridhika kabisa. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Alichungulia, akauliza kama nina hakika, nikamwelewesha habari za vioo mpaka akarudi jikoni.

4. Mwenendo wa mkaguzi. Gari tulilileta kituoni likivutwa, magurudumu ya mbele yameinuliwa juu, kwa kuwa nilitaka wa kwanza kuliendesha awe mkaguzi. Alilipanda bila hata kulisifia. Mama alikuwa ndani, amenisindikiza ili ofisi yako ione kwamba gari ni la familia, na alikataa kushuka kwa hoja kwamba kushuka na kupanda ndiko kunakoumiza. Mimi nikabaki nje. Mkaguzi akazungusha usukani kulia, gari likaelekea kushoto, mpaka karibu na pipa la maji lililo chini ya dirisha lako. Akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniangalia kama ninavyomwangalia mteja aliyejinyoa mwenyewe. Kisha, badala ya kushuka, alizunguka uwanja mzima taratibu, akigeuza mikono kinyume, akaliegesha palepale alipolikuta. Ndipo akaandika kwamba gari haliendesheki. Mheshimiwa, aliliendeshaje basi?

Nilimuuliza, kwa upole, usukani wangu ni kinyume na nini. Akanijibu kwamba ni kinyume na magari yote. Kwa maneno mengine kosa la gari langu ni kutofanana na mengine. Wateja wangu wakija na vichwa visivyofanana siwafukuzi.

5. Upendeleo wa wazi. Dereva wa lori anaporudi nyuma na trela huzungusha usukani kulia ili trela liende kushoto. Kila mtu anajua. Dereva huyo ofisi yako inampa leseni, watu wanamwita bingwa, na vijiweni wanampisha kiti. Mimi nafanya jambo hilohilo nikiwa naenda mbele, tena nikiona ninakokwenda, naandikiwa wino mwekundu.

6. Hatua ninazoomba. Najua una kazi nyingi, kwa hiyo nimekurahisishia. Nimechunguza njia zote za kutoka kwangu hadi ukumbini, nikapata moja iliyonyooka vizuri, isipokuwa inapita katikati ya uwanja wa shule. Naomba ofisi yako iamuru geti la shule lifunguliwe Jumamosi asubuhi na magoli yang'olewe, yote mawili, kwa sababu sina hakika nitatokea lipi. Mwalimu mkuu akikataa, basi madereva wote wa mji huu watangaziwe kwamba siku hiyo, wakiliona gari la rangi ya maziwa limefungwa maua, wakae pembeni na kusubiri. Hilo nalo likishindikana, naomba wizara iwaandikie watengenezaji wa magari wa dunia nzima wakae kikao, wakubaliane mara moja mkono wa boksi la usukani utazame wapi, na kikao hicho kimalizike kabla ya Jumamosi ili Fundi Kesho apate muda wa kufunga.

Na mkaguzi mwenye miwani ahamishwe. Sina kinyongo naye. Apelekwe tu kituo kisicho na magari, akague mizani za sokoni, ambazo hazina kushoto wala kulia.

Nisamehe kama kalamu imenikimbia, Mheshimiwa. Ukweli ni kwamba naumia. Nimewanyoa mabwana harusi wa mtaa huu kizazi hadi kizazi, nikawafuta poda shingoni, nikasimama mlangoni kuwapungia mkono wakienda. Safari hii anayeondoka ni wangu. Nataka nimpeleke mwenyewe, kwenye gari la babu yake, na mama yangu akae kando yake bila kushika kiuno. Sijaomba jambo kubwa zaidi ya hilo, ukiacha lile la watengenezaji wa dunia nzima.

Nisalimie naibu wako, dada wa mapokezi mwenye muhuri, mlinzi wa getini aliyemshika mama mkono, na wote walioacha kazi zao kutoka kuangalia. Nisalimie pia nyumbani kwako, mkubwa kwa mdogo.

Nabaki wako mtiifu, nikisubiri jibu huku saluni ikiwa wazi,

Kinyozi wa mkabala na kituo cha mafuta

Tanbihi: Nimemsomea mama barua hii kabla ya kuifunga, ili ahakikishe kwamba habari za mgongo wake nimezieleza vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema springi za baba hazijawahi kumuumiza hata siku moja. Kilichokuwa kikimvunja mgongo ni mimi, ninavyofunga breki, ninavyokata kona, ninavyoyarukia matuta kana kwamba yananidai. Anasema alizisingizia springi kwa sababu springi hazinuni. Jumatatu, kwenye ule mzunguko mmoja na mkaguzi wako, mama alisinzia. Alisinzia, Mheshimiwa, ndani ya gari linalokwenda kinyume.

Kwa hiyo hivi ninavyoandika, Fundi Kesho yuko chini ya gari anarudisha ekseli, springi na usukani wa baba kama vilivyokuwa, na nitalileta likaguliwe upya. Magoli ya shule yaachwe. Wizara isisumbuliwe. Na yale maneno ya kumhamisha mkaguzi naomba uyafute kabisa, kwani mama anauliza kama Jumamosi ana nafasi ya kutuendeshea. Mimi nimeruhusiwa kukaa kiti cha mbele, kwa sharti kwamba nisishike chochote.