Safari Isiyo na Rivasi

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Imeamuliwa! Ijumaa ya wiki ijayo tunaondoka. Hifadhi tatu, siku tisa, na tela la Baba nyuma yetu. Limekaa uani chini ya turubai miaka kumi, tangu alipofariki. Leo nimelifunua. Harufu ileile! Mafuta ya taa, mablanketi, sabuni ya kipande. Nikakaa ndani, nikawa na miaka minane tena. Baba alikuwa akilirudisha nyuma kati ya miti miwili, pale kando ya ziwa, mkono mmoja kwenye usukani, kiwiko nje ya dirisha. Sisi watoto tukipiga makofi. Mama huko nyuma akigonga bati kwa upawa, akifukuza nyani. Raha gani ile!

Nimemwahidi Mama kiti cha tano. Akasema anataka kuliona lile ziwa mara moja tena, kabla macho hayajamwishia nuru. Nikajifanya natafuta jeki.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Mke wangu ameuliza nani atapiga rivasi na tela. Nikasema mimi. Amecheka mpaka akashika meza. Kweli, sijawahi kurudisha tela nyuma maishani. Lakini kicheko kile kilizidi kipimo.

Kisha akatoa hukumu: kaka yake aje. Shemeji huyu ni dereva wa malori. Hajawahi kula kwangu bila kusimulia jinsi alivyoingiza lori la magurudumu kumi na nane kwenye uchochoro huku akimenya chungwa. Gari lina viti vitano. Mimi, mke wangu, watoto wawili. Shemeji akipanda, Mama anabaki. Nimesema nitafikiri.

Nimefikiri. Ninao mpango!

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Mpango: njia isiyo na rivasi hata moja! Nani alisema lazima mtu arudi nyuma? Nimeichora ofisini masjala, mgongoni mwa jalada la maombi ya likizo. Kila hifadhi tunaingia lango hili, tunatokea lile. Vituo vya mafuta, vile vya kupita moja kwa moja tu. Chakula, tunakula barabarani. Mkuu wa masjala akapita, akauliza kazi inakwendaje. Nikamwambia inakwenda mbele tu.

Jioni kaja fundi bati. Akasema tela zima, pamoja na uzee wake, limebonyeka mahali pamoja tu: pembe ya nyuma, kushoto. Vishimo vidogo vingi, kana kwamba mtu aligonga hapo miaka na miaka. Nikamweleza habari za nyani. Akanitazama sana. Nikamwambia anyooshe, apake rangi. Mama akatoka jikoni mbio, akasema pale pasiguswe. Sijui kwa nini. Lakini mama ni mama, nimekubali.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Pigo! Nimepiga simu kwenye hifadhi ya ziwa. Karani wa kambi, mtu mpole, amesema kila mwenye tela hulirudisha nyuma kwenye nafasi yake, kati ya mti na mti. Njia nyingine hakuna. Ni ile miti miwili! Bado ipo! Nilifurahi dakika nzima kabla ya kukumbuka kwamba nimekwisha. Nikamwuliza kama mti mmoja hauwezi kukatwa. Akakata simu.

Kufika jioni, Shemeji yuko sebuleni na begi lake, miguu juu ya kigoda changu. Habari zina mbio. Nimemkuta Mama chumbani akitoa nguo kwenye sanduku moja moja, akizikunja upya na kuzirudisha kabatini. Roho imeniuma. Tangu nikiwa mtoto sijamwahidi Mama kitu kikubwa, na cha kwanza ndicho hiki.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Mazoezi, uwanja wa shule. Usukani unakwenda kulia, tela linakwenda kushoto. Usukani kushoto, tela kulia. Kaidi kama mmiliki wake! Nimegonga goli. Goli limelala.

Shemeji alikuwa kwenye uzio, akimenya chungwa. Kwa makusudi! Akasema mbele ya mke wangu kwamba kesho nikiliingiza tela uani kinyumenyume, bila kugusa nguzo ya geti, yeye atabaki nyumbani. Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Mtaa mzima ulijaa. Jaribio la kwanza: nimepanda kwenye maua ya jirani. La pili: ndoo, marehemu. Shemeji akaniambia shemeji, rudisha tu moyo nyuma, tela liache. Watu wakaangua kicheko.

Ndipo akatoka Mama na upawa. Akaja dirishani, akasema:

“Mwanangu, nisikilize. Nikigonga mara moja, tela lije kushoto. Mara mbili, kulia. Nikigonga mfululizo, simama. Baba yako hakuwa akiona kitu huko nyuma.”

Maskini Mama! Uzee unachanganya mambo. Baba, asione? Lakini nikasema nimridhishe. Akasimama pembe ya nyuma, kushoto. Ngo! Nikaenda nilikoambiwa. Ngo, ngo! Nikafuata. Ngo! Kisha mfululizo. Nikasimama. Tela liko uani, limenyooka kama droo kwenye meza!

Vigelegele! Mtoto wa nyoka ni nyoka, damu ya Baba hii. Shemeji alikwenda kumpa Mama mkono kwanza, ndipo akanipa mimi. Mtu asiyejua kushindwa! Akachukua begi lake.

Mama alibaki kwenye tela, akipapasa vile vishimo. Akasema leo amemsikia mume wake. Nimelia, nakiri.

Ijumaa, tarehe 14 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi. Tela limefungwa, watoto wamekaa, Mama yuko kiti cha mbele na kilemba kipya. Nimemwambia tukifika ziwani asihangaike kushuka na kugonga mabati. Kipaji kimeshafunguka. Yeye atulie kitini atazame maji. Upawa nimeurudisha jikoni kwa mkono wangu mwenyewe. Mama akacheka tu, akasema sawa, mwanangu.

Sasa hivi ameniomba miwani yake. Nimefungua mkoba wake: upawa umo, umeviringishwa kwenye taulo.

Nimeuacha. Huenda nyani bado wapo.