Bomba Lisilo na Kiungo

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya nne bila choo. Si tatizo. Bomba likipumzika hupata nguvu. Mimi ni fundi bomba mwaka wa ishirini na tano huu, sihitaji kuelezwa habari za mifereji.

Ila damu imeonekana tena. Kidogo. Matone mawili matatu, mekundu kabisa. Tangu mwezi wa tatu inakuja na kupotea. Nimejiamulia kwamba ni bawasiri. Mafundi tunachuchumaa mno. Mke wangu sijamwambia. Marehemu baba alikufa na miaka hamsini na miwili, wakasema tumbo. Tumbo, basi. Hakuna aliyechunguza zaidi. Mimi nina arobaini na tisa na sipendi kuyaweka hayo mawili pamoja.

Jioni alikuja shemeji, kaka yake mke wangu. Mwalimu wa hesabu, mtu wa kujisikia. Amepimwa utumbo mpana kwa kamera na amekuja na picha! Ikazunguka mezani mkono kwa mkono kama picha ya mjukuu. Eti daktari amemwambia ni msafi wa kupigiwa mfano. Mke wangu ameusifu utumbo wa kaka yake mara tatu. Wangu haujawahi kusifiwa na mtu yeyote.

Jumatano, 5 Juni

Mke ameiona damu. Nilisahau kuvuta maji. Fundi bomba mzima! Amesema nikapimwe wiki hii, la sivyo atawapigia simu dada zangu wote. Ninao wanne, na hakuna mpole. Nimeahidi.

Lakini kwanza matengenezo yangu mwenyewe. Kitu gani huziba mifereji ya watu? Majani na mizizi. Kwa hiyo nimeacha mboga, nimeacha matunda. Maji nayo huongeza presha, nimeyapunguza hadi kikombe kimoja kwa siku. Ni mkate mweupe na nyama tu, vitu vya kuteleza.

Siku ya sita. Tumbo limejaa upepo, limekaza, mkanda haufiki tundu lake. Leo nimezibua sinki la mama mmoja, maji yakashuka kwa mlio mtamu. Nimelionea wivu sinki.

Ijumaa, 7 Juni

Wazo! Picha si anayo shemeji? Utumbo ni utumbo, nani atajua? Nilikwenda kwake kwa kisingizio cha kukagua koki inayovuja. Picha ilikuwa juu ya kabati. Nikaipenyeza kwenye boksi la vifaa, chini ya spana. Koki sikuigusa.

Nyumbani nikamwonyesha mke. Nimeshapimwa, nikasema, msafi wa kupigiwa mfano. Sasa mke wangu ni fundi cherehani, jicho lake huona sindano iliyoanguka kwenye zulia. Akaipeleka picha dirishani. Kwenye kona lilikuwepo jina la kaka yake, umri wake na namba yake ya simu.

Hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya. Alikaa kwenye kiti cha cherehani akasema hataki kuwa mjane kwa sababu mumewe anaona haya kuvua suruali mbele ya daktari. Kisha akalia. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, sijawahi kuogopa namna ile.

Jumatatu, 10 Juni

Hospitali. Mke amenipeleka mwenyewe, amenishika mkono wa shati njia nzima nisije nikachomoka. Daktari ni binti, kwa sura ni rika la kifungua mimba wetu! Nilitaka kurudi nyumbani. Mkono wa shati ukakazwa.

Binti amechora mchoro. Utumbo mwembamba, karibu mita sita. Mita sita, humu ndani! Kisha utumbo mpana, mita moja na nusu, kazi yake kubwa ni kunyonya maji. Choo kikichelewa humo, kinakauka na kuwa kigumu. Mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa ndizo hukisukuma. Maji hukilainisha. Kutembea kunasaidia. Na mtu akishikwa na haja asibane. Mke alinitazama kwa kila neno.

Nikauliza kama damu si bawasiri tu. Akasema yawezekana, yawezekana pia ni mchubuko, yawezekana ni kitu kingine, na kwa kukisia hatujui. Na kwa jinsi baba yangu alivyokufa, hatabahatisha. Kamera ni keshokutwa.

Jumanne, 11 Juni

Leo marufuku kula. Ni dawa ya kusafisha tu, lita tatu. Ina chumvi, ina utelezi, na ina ladha ya limau lililokata tamaa.

Lita ya kwanza ikafanya kazi. Niseme nini? Nimekimbia mara saba. Mara ya saba nilikaa pale nikiwa mwepesi, machozi yakinilengalenga, nikiustaajabia mwili wangu. Bomba lililozibuka ninalijua nikiliona. Lita mbili zilizobaki nimezimwaga kwenye sinki. Halafu njaa ikanizidi, nikala hindi moja la kuchemsha nyuma ya karakana. Moja tu.

Jumatano, 12 Juni

Aibu. Daktari ameingiza kamera, akasogea kidogo, akasimama. Kwenye skrini, kubwa kama tofali, punje ya hindi. Nzima! Akauliza nani aliniruhusu mahindi. Nikasema labda ni la zamani. Nesi alitoka nje, nikamsikia akicheka ukumbini.

Kurudia kesho. Lita tatu nyingine. Mke ameweka kigoda mbele yangu, ananikabidhi glasi mojamoja na kungoja niimalize. Nilipoomba kwenda uani kupunga upepo, akaja na kigoda.

Alhamisi, 13 Juni

Sijui niandikeje.

Walinichoma sindano ya kutuliza, nikabaki nusu macho. Skrini ikawaka. Mungu wangu! Yule ni mimi! Njia ndefu ya rangi ya waridi, inang'aa, yenye mikunjo kama pete, inajikaza na kujiachia bila mtu kuiamuru. Mishipa midogo imeenea kila upande. Mita moja na nusu na hakuna kiungo hata kimoja. Hakuna tepu, hakuna gundi. Inakata kona ambazo mimi ningeziwekea viungo viwili na bado zingevuja. Imebeba mikate yangu na nyama zangu miaka arobaini na tisa, gizani, bila shukrani. Nilitaka kuiomba radhi. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Nikamwambia daktari kwamba fundi aliyelifunga bomba hili nampigia saluti.

Kisha, kwenye kona, kinyama. Kama uyoga mdogo, na kikonyo chake. Daktari akasogeza kamera karibu. Nesi akaacha kutabasamu. Nikamkumbuka baba alivyokuwa akishika tumbo na kusema litapita. Ukatoka waya mwembamba, ukakizungushia kitanzi, kikakatika. Sikuhisi hata kidogo. Kimepelekwa maabara.

Nje, mke alinishika mkono, safari hii mkono wenyewe.

Alhamisi, 20 Juni

Majibu. Si saratani. Lakini ni aina ambayo ikiachwa miaka kadhaa huweza kugeuka. Nikauliza kama baba naye alikuwa na kitu hiki. Binti akasema hawezi kujua, ila anafurahi kwamba changu amekiona. Na damu? Ni bawasiri kweli, akasema, pamoja na kujikamua. Kwa hiyo nilikuwa sahihi! Mke alilaza kichwa juu ya meza ya daktari, akalia kwa sauti. Sikuendelea na hoja yangu.

Nimeapa mbele yao wawili. Mboga kila siku, maji glasi nane, sitabana, sitaruka tarehe ya kurudi, miezi sita tangu siku ya kamera. Na dada zangu nao nitawaambia wakapimwe, maana jambo hili hutembea kwenye familia. Daktari ameyaandika yote kwenye karatasi yenye picha ya utumbo wangu. Picha juu, maelekezo chini, tarehe imepigiwa mistari miwili.

Jumapili, 23 Juni

Ushindi! Shemeji alikuja kudai picha yake. Nikamwekea na yangu pembeni. Yake ni njia tupu, haina tukio lolote. Yangu ina kinyama, ina kitanzi, ina kabla na baada! Aliitazama muda mrefu, akaondoka bila kumaliza chai.

Nimeitia kwenye fremu. Karatasi ilizidi urefu, nikakata sehemu ya chini, yalikuwa maandishi tu. Imetundikwa sebuleni juu ya televisheni. Nikiiangalia bado nywele zinanisimama. Dada zangu nimewatumia picha bila maneno, inajieleza yenyewe. Mmoja amenipongeza, amedhani mke wangu ni mjamzito.

Siku ya tatu bila choo. Nilishikwa Ijumaa nikiwa kwa mteja, nikabana, fundi wa heshima hatumii choo cha mteja. Si tatizo. Bomba likipumzika hupata nguvu.

Jambo moja la ajabu. Ndani ya mfuko wa ovaroli yangu mke ameshona kitambaa cheupe, na juu yake kwa uzi mwekundu: 13 Desemba. Nikakikuta kingine ndani ya koti. Kingine kwenye kiuno cha suruali ya kutokea. Nimewaza asubuhi nzima. Ni kumbukumbu ya ndoa yetu, haiwezi kuwa kitu kingine, na mimi kila mwaka huisahau. Nimeguswa sana. Mwaka huu nitamshangaza. Siku hiyo sitoki, sipokei simu, siendi popote. Nitamchomea nyama kilo tatu, bila jani hata moja.