Kifaru cha Treni ya Jumamosi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimepata habari itakayomnyamazisha Nassib. Kiwanda kimoja cha ng'ambo kitatoa mwezi wa kumi kifaru kipya cha vita, cha plastiki, cha kuunganisha, ukubwa wa kiganja, pamoja na askari watano wadogo kama kidole. Mmoja ananawa uso. Picha nimeziona kwenye simu. Boksi lenyewe halijauzwa popote duniani.

Mpanda nzima, wenye ugonjwa huu wa kuunganisha magari ya jeshi ni wawili tu. Mimi, fundi redio wa karibu na stendi, na Nassib, muuza vitenge sokoni. Mwaka jana Nassib aliunda lori lenye tope kwenye magurudumu. Watu wakaligusa tope kuona kama limekauka. Langu waliuliza limegongana na nini.

Jumapili kuna maonyesho ya kazi za mikono kwenye ukumbi wa parokia. Padri amesema meza ya mlangoni atapewa mwenye kitu ambacho Mpanda haijawahi kukiona. Nassib anaitaka. Nikapita dukani kwake, nikamwambia mbele ya wateja, polepole kama mtu asiyejisifu, kwamba kifaru changu kipya na askari wake watano wameshafika Tabora na wanaingia na treni ya Jumamosi. Nassib akakata kitenge vibaya. Raha iliyoje.

Tatizo ni dogo: kifaru hakipo. Nitakitengeneza mwenyewe kwa kutazama picha.

Jumatano, 6 Agosti

Kazi inasonga. Mwili ni dumu la mafuta ya kula, nimelikata na kulikunja juu ya jiko. Mtutu ni mrija wa kalamu. Mnyororo nimeupata kwenye baiskeli ya Rosine, mke wangu. Umekaa utadhani ulitengenezwa kwa ajili ya kifaru. Rosine akaenda sokoni kwa miguu. Aliporudi nikamweleza habari za sanaa. Akasema basi sanaa ije ibebe huu unga.

Askari nimewachonga kwa mche wa sabuni. Kamanda ametoka vizuri, ila shingo imezidi. Jioni nikakuta wamebaki wanne. Rosine alikuwa anafua. Anasema alimkuta karibu na beseni na hakuwa na alama yoyote ya jeshi. Huyo ndiye aliyekuwa ananawa uso.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya. Asubuhi amekuja bwana Eustace, mtendaji wa kata yetu ya Ilembo, na mgambo wawili. Maneno yangu yalitoka dukani kwa Nassib, yakazunguka stendi, yakamfikia ofisini yakiwa hivi: Anicet anapokea kifaru na kikosi cha askari kwa treni. Akaniuliza kwa heshima kama nina kibali.

Nikafunua taulo nililofunikia kazi yangu mezani. Bwana Eustace akakitazama kifaru. Mgambo wakatazama dari. Akauliza kikosi kiko wapi, nikamwonyesha kwenye kisahani. Akauliza wa tano yuko wapi. Rosine akasema yuko kwenye mashuka. Bwana Eustace akanishauri niwe mwangalifu na maneno yangu, akaondoka akifuta macho. Nilifurahi kidogo. Mtu wa serikali amekitazama, na hakuuliza hiki ni kitu gani.

Mchana ndipo tukagundua mama yangu, tunayeishi naye, hayupo. Blanketi lake halipo, wala sufuria yake ndogo. Jirani akasema mama alitoka mapema kwenye sala ya jumuiya, akafunga mzigo, akapanda basi la Mishamo kwa mjomba Salvatori. Kule jumuiya walikuwa wanasema askari wanaingia na treni ya Jumamosi, wana kifaru. Hakusikia kwamba kinakuja kwangu. Alimwachia jirani neno moja: tusibebe vitu vingi.

Mama alikimbia mauaji ya Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na miaka tisa. Huwa haongei habari hizo. Rosine hakunigombeza. Alianza kunipigia pasi shati la safari.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefika Mishamo kifaru kikiwa mapajani, nimekifunga kwenye kanga pamoja na kisahani cha askari wanne. Mama alikuwa nyuma ya nyumba ya mjomba anapukuchua maharage. Mzigo wake upo kando, hajaufungua.

Akauliza, "Watoto umewaacha na nani?"

Nikamwambia hakuna askari, mama, hakuna kitu. Nikakifungua kifaru. Akakipokea kwa mikono miwili, akakizungusha, akapitisha kidole kwenye mnyororo. Alikaa nacho muda. Nilitaka aseme kimetengenezwa vizuri. Hilo ndilo nililokuwa nawaza, naliandika kwa kuwa hakuna atakayelisoma.

"Sisi hatukuona kifaru," akasema. "Lilikuwa lori. Walimpandisha baba, wakafunga mlango wa nyuma."

Sikujua pa kuweka mikono, nikaanza kupukuchua maharage.

Baadaye akauliza hao weupe kwenye kisahani ni nani. Nikasema ndio askari. Akamchukua kamanda, akamnusa.

"Anicet, hii si sabuni?"

"Ni sabuni, mama."

Akacheka. Alicheka mpaka mjomba akatoka ndani kuuliza kuna nini, naye alipoambiwa akakaa chini. Kisha mama akasema atarudi Ilembo, lakini si kwenye nyumba yenye askari, hata wa sabuni. Nikaapa. Akachota maji, akanawa mikono kwa kamanda, kuanzia shingo, na wale watatu akampa mke wa mjomba afulie. Kikosi changu kimeishia kwenye beseni la Mishamo. Shingo ya kamanda ilinichukua saa nzima.

Jumapili, 10 Agosti

Maonyesho. Meza ya mlangoni amepewa mama mmoja wa Inyonga aliyetengeneza kanisa zima kwa nta ya nyuki, mpaka kengele. Mimi na Nassib tuliwekwa pamoja kwenye kona, karibu na ndoo za maji.

Mzee mmoja aliuliza kama pasi yangu inatumia mkaa. Nikamweleza ni kifaru, tena ambacho hakijatoka duniani. Akasema wangesubiri kidogo. Saa tano Rosine akaja na bisibisi, akachukua mnyororo wake mbele ya watu, akaondoka na baiskeli. Kifaru kikalala kwa tumbo.

Kisha mama akaja. Akanipita, akasimama mbele ya lori la Nassib. Niliogopa. Nassib hakujua chochote, lakini alivua kofia, akamwambia, "Shikamoo mama, unaweza kulishika, milango yake inafunguka." Mama akaufungua mlango wa nyuma kwa ukucha. Akatazama ndani. Hakuna mtu. Akauacha wazi, akamshukuru, akaenda kukaa na wenzake wa jumuiya.

Nassib akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama yuko sawa. Nikamweleza kwa kifupi. Mtoto akaja kutaka kuufunga ule mlango, Nassib akamzuia. Ulibaki wazi mpaka maonyesho yakaisha.

Ni mtu mwema, Nassib. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza kwamba mlango wa kifaru changu nimeuchora kwa kalamu tu.

Jumanne, 12 Agosti

Mama ameamka vizuri, anaimba jikoni. Rosine ameanza kuongea nami tena, kwa sentensi fupi.

Nimejifunza. Mtu asitangaze kitu kiholela, watu wakaja kupata habari nusunusu mitaani. Kila kitu kiende kwa utaratibu.

Asubuhi hii nimeona kwenye simu kwamba kiwanda kilekile kitatoa mwezi wa kumi na mbili gari la kurushia makombora, magurudumu manane. Halina askari hata mmoja, kwa hiyo ahadi yangu kwa mama iko palepale. Naweza kulimaliza ndani ya wiki moja. Nassib nimemwambia litafika Jumamosi.

Ila safari hii sikusubiri uvumi. Nimempigia simu bwana Eustace mwenyewe, mapema, nikamwambia kuna kombora linakuja kwangu na basi, asishangae. Simu ikakatika kabla sijamweleza ukubwa wake.

Nadhani ni mtandao.