Programu Inatumika na Mkurugenzi

Siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Idara ya Vibali iliaga rasmi zama za kila mtu na lake. Mkurugenzi aliwatangazia wafanyakazi wake saba kwamba tangu siku hiyo hakuna kompyuta itakayojimilikia programu. Programu zote zilikuwa zimehamishiwa kwenye Diski ya Pamoja, na Diski ilikuwa juu ya kabati chumbani kwake, maana cha wote hukaa kwa mkubwa. Wengine walifikishiwa waya mmoja mmoja wa kijivu.

Fundi wa kompyuta alieleza kwa adabu kwamba programu ya barua hufunguliwa na mtu mmoja kwa wakati. Akimaliza anafunga, mwenzake anafungua, kama choo cha nyumba ya wapangaji. Mkurugenzi akaifungua kwenye kompyuta yake, makofi yakapigwa. Hakuifunga. Kilichofunguliwa rasmi, alisema, hakifungwi ovyo.

Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa katibu muhtasi, Bi Vidole, jina alilopewa kwa kasi yake ya kuchapa. Alikuwa na haja yake. Mama yake aliishi peke yake mji mwingine, safari ya kutwa nzima, na macho yalikuwa yanamwishia. Juzi alitia chumvi kwenye chai akainywa yote, kwa uchungu wa kuimwaga. Bi Vidole alikuwa amekubaliwa uhamisho kwa mdomo. Ilibaki barua tu, kwenye fomu iliyokuwamo ndani ya Diski, ifike makao makuu Ijumaa ya wiki ya tatu kabla ya saa sita mchana. Barua zilizoandikwa kwa mkono hazikupokelewa.

Alipobonyeza, skrini ikamjibu: "Programu inatumika na MKURUGENZI. Tafadhali subiri."

Akasubiri. Wiki ya pili ukatoka Waraka Namba Tisa, kurasa sita, ulioanzisha Rejista ya Wanaosubiri. Ulikataza pia kufunga kilichofunguliwa na mkubwa bila kibali cha maandishi, kilichochapwa kwa programu hiyohiyo. Fundi alisema hilo haliwezekani, akaingizwa kwenye rejista, namba saba. Bi Vidole alikuwa namba moja.

Wiki ya tatu alimfuata Mkurugenzi, aliyekuwa anafunga begi kwenda semina ya kushirikiana kazini.

"Bosi, ungefunga dakika kumi tu. Mama yangu haoni."

"Dada yangu, nikifunga leo watasema mradi umekufa. Mvumilivu hula mbivu."

Akatia kufuli mlangoni, skrini ikiwaka ndani. Bi Vidole alikwenda msalani akalia, akanawa uso, akarudi kuusoma ule Waraka upya hadi aya ya mwisho, ambako hakuna aliyewahi kufika, mwandishi wake akiwemo. Aya hiyo ilimwagiza katibu muhtasi apeleke makao makuu ripoti ya matumizi ya Diski. Ripoti hiyo Diski huitoa yenyewe kupitia waya wowote, bila programu kufunguliwa. Jumatano saa nne fundi aliichapisha, na Bi Vidole, mtumishi mtiifu, akaipeleka kama ilivyoagizwa.

Ijumaa saa tatu asubuhi likaja gari la makao makuu, likashusha daktari. Mkurugenzi alikuwa ndio kwanza amerudi semina, mashavu yamejaa. Daktari alimtazama kwa huruma, karatasi mkononi.

"Wafanyakazi saba, saa sifuri. Wewe peke yako, saa mia tatu themanini na nne mfululizo, usiku na mchana. Mzee wangu, moyo unaendaje?"

"Lakini nilikuwa semina."

"Basi programu ya ofisi ilikuwa inatumika na nani?"

Watu wakatazama nyaya zao. Mkurugenzi alipima, akaona afadhali mgonjwa kuliko mwongo, akashika kifua. Akakiri kwamba kweli kazi ilikuwa imemzidi.

Daktari akampa likizo ya ugonjwa ya miezi mitatu, asiguse kazi wala asitie saini popote, na yote aliyoyafungua yafungwe. Wa kukaimu nafasi yake je? Daktari aliomba orodha ya watumishi, na orodha pekee iliyokuwepo ilikuwa Rejista ya Wanaosubiri. Akachukua namba moja.

Bi Vidole alichapa barua yake kwa dakika sita. Penye nafasi ya mkuu wa idara kuidhinisha, mkuu wa idara aliidhinisha. Saa nne kasorobo gari likaondoka na daktari na barua, na Bi Vidole akaona moyo umekuwa mwepesi kama siku za utoto.

Mkurugenzi alibaki. Likizo yake nayo ilitaka barua ya maombi, la sivyo angehesabiwa mtoro. Akabonyeza, mkono mmoja bado kifuani. Skrini ikamwomba asubiri: programu ilikuwa inatumika na KAIMU MKURUGENZI.

"Kaimu," aliita kwa upole ambao ofisi haikuwahi kuusikia, "si umemaliza? Nipishe dakika kumi tu."

Bi Vidole aliivuta rejista, akamwandika kwa mwandiko mzuri, namba nane.

"Wapo sita mbele yako, bosi. Mvumilivu hula mbivu."

Kisha akaifunga programu, akaita namba mbili.