Ekow Asile Kitu

Jumapili, 9 Machi

Kesho mwanangu Ekow, miaka sita, anapasuliwa ngiri. Nesi Baaba kaagiza asile kitu tangu usiku. Maji matupu ruksa, mpaka zibaki saa mbili kabla ya nusukaputi. Mama mkwe kataka mtoto alale kwake, ati mimi sina msimamo. Mimi! Nimetangaza nyumba nzima tufunge, mtoto asione mtu akitafuna. Mke wangu Araba kauliza kama na mimi nimo. Dharau tupu.

Jumatatu, 10 Machi

Njaa haina adabu. Araba alipokwenda kutia saini, nikajibanza nyuma ya mashuka ya hospitali yaliyoanikwa, na kenke la moto, ule ugali mchachu wa mahindi, samaki wa kukaanga na pilipili. Tonge la pili, shuka likafunuka. Ekow! Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Karibu tule." Ningefanyaje? Kwetu mtu hali chakula mbele ya mwenzake bila kumkaribisha. Na mtoto, niliyemfundisha kwa kiboko kwamba mwaliko haukataliwi, akanawa mkono wa kulia, akamega.

Nikamfuta midomo, nikamwambia akiulizwa akane. Nesi alipomuuliza, akasema amekula tonge moja, baba alimkaribisha. Kusema kweli pia nilimfundisha mimi. Shida juu ya shida.

Upasuaji umesogezwa hadi Alhamisi. Nilimsihi Nesi Baaba asilihesabu tonge moja.

"Baba Ekow, akishalala, hilo tonge linarudi kooni, linaingia mapafuni. Utamzika na adabu zake?"

Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale. Alicheka kwa pua tu, na hicho ndicho kilichonikera zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Wameniacha nyumbani, geti limefungwa kwa nje. Mama mkwe ndiye aliyempeleka. Asubuhi nzima nimezunguka uani nikiomba Mungu. Mchana Araba kapiga simu: kaamka salama, anadai chakula. Nimelia, tena kwa sauti.

Jumatano, 19 Machi

Kumbe ngiri kairithi kwangu. Kesho ni zamu yangu. Nesi Baaba kanirudia masharti polepole, kana kwamba mimi kiziwi. Nikamwambia nayajua kuliko yeye. Lakini tuseme ukweli: yale ni masharti ya watoto. Vifua vyao vidogo. Mtu mzima na ndevu zake ataendaje kupasuliwa na tumbo tupu? Nitakula uji alfajiri, na ndizi mbili tatu, kabla Araba hajaamka.